Chombo na Mwenzi: Pigano la Darajani Likitazamwa kutoka Soko la Burma

Masoko mawili ya upande wa mashariki wa Nairobi yana majina yaliyozaliwa vitani. La kwanza ni Kariokor, neno lililotokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, katika Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia. Kikosi hichohicho ndicho kilichoipa Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake. La pili ni Burma, lililoko kando ya Barabara ya Jogoo, karibu na uwanja wa kandanda wa City, katika ujirani wa Shauri Moyo na Kaloleni. Jina lake linakumbusha nchi ya mbali ya Asia ambako askari wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana na Wajapani katika Vita Kuu vya Pili. Aghalabu mnunuzi aingiaye humo huwa anatafuta nyama, mbichi au ya kuchoma, wala hana haja ya kuuliza Burma ni wapi. Jina likishazoeleka huwa kama kizingiti cha mlango: kila mtu hukivuka, hakuna anayekitazama.

Historia ina vioja vyake. Vitukuu wa kizazi kilichopigana na Wajapani wamekulia katika mitaa hiyohiyo wakizipenda hadithi za Kijapani, hasa zile za ninja. Mashuhuri miongoni mwake ni *Naruto* ya Masashi Kishimoto, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1999 katika jarida la Weekly Shonen Jump, ikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani mnamo Oktoba 2002, na ikakamilika kama hadithi ya picha mwaka 2014 baada ya sura 700. Kwanza zilikuwa diski zilizonakiliwa, kisha ikawa simu ya mkononi. Kijana anayewangoja wateja mbele ya bucha anaweza kuiegemeza simu yake kwenye mizani na kuutazama mkondo mzima wa kisa baina ya mnunuzi mmoja na mwingine.

Kuna wanaoyaona mapenzi hayo kuwa dalili ya kupotea. Husemwa kwamba mtoto wa Kaloleni anayeyajua majina ya koo za kubuni za Kijapani, ilhali hawezi kutaja ukoo wa nyanyake, ameibiwa urithi wake machoni pa watu. Lalama hiyo haipaswi kupuuzwa, kwani ni kweli kwamba fasihi ya nyumbani haikupewa nafasi sawa mbele ya macho ya vijana. Hata hivyo, lalama si uhakiki. Mhakiki ana wajibu wa kuuliza kwanza ni kitu gani hasa kinachopendwa, kimejengwaje, na kinamwambia nini mtu aliyeketi pale alipoketi. Kwa ajili hiyo inafaa kuchagua pigano moja na kulisoma kwa utulivu. Pigano lenyewe ni lile la darajani, katika Nchi ya Mawimbi, ambalo kwa mara ya kwanza linakigeuza Kikosi cha Saba kutoka kundi la wanafunzi kuwa kikosi kwa maana kamili.

Msuko wake ni huu. Mzee Tazuna, fundi wa madaraja, anaajiri ulinzi kutoka kijiji cha ninja. Nchi yake ni maskini, nayo imekabwa koo na tajiri aitwaye Gato, ambaye ameihodhi biashara yote ya baharini. Daraja likikamilika, kisiwa kitaungana na bara na ukiritimba wa Gato utavunjika. Kwa hiyo Gato anataka fundi auawe. Tazuna anaficha ukubwa wa hatari kwa sababu hana fedha za kulipia ulinzi wa daraja la juu. Hivyo anapewa mwalimu mmoja, Kakashi, na wanafunzi watatu ambao bado ni watoto: Naruto, Sasuke na Sakura. Upande wa pili Gato amemkodi Zabuza, muuaji aliyeikimbia nchi yake, anayefuatana na kijana mpole aitwaye Haku.

Makabiliano ya kwanza yanatokea kando ya maji. Kakashi ananaswa ndani ya gereza la maji, na wanafunzi wawili ambao tangu mwanzo hawapatani wanalazimika kufikiri kwa pamoja. Naruto anajigeuza kuwa silaha ya kurushwa, Sasuke anaipokea na kuirusha bila neno la kuelezana, na mwalimu anaokolewa. Mbinu hiyo si ya nguvu bali ya kuaminiana. Mwenye kurusha asingeweza kufanikiwa kama hangeisoma nia ya mwenzake. Ikumbukwe kwamba hapa mtoto mmoja anakuwa silaha mkononi mwa mwingine kwa hiari yake. Taswira hiyo itarudi darajani ikiwa imegeuzwa kichwa chini.

Darajani ukungu unatanda. Zabuza na Kakashi wanapambana ndani yake bila kuonana, huku Haku akimfungia Sasuke katika duara la vioo vya barafu na kumchoma kwa sindano kutoka kila upande. Naruto anafika na, kwa pupa yake, anaingia ndani ya duara badala ya kulishambulia kutoka nje. Kosa hilo la kivita ndilo linalozaa tendo kuu la kisa: Sasuke, ambaye hana sababu ya kumpenda Naruto, anajitupa mbele yake na kuzipokea sindano zilizomlenga yeye. Akidhani mwenzake amekufa, Naruto anashikwa na ghadhabu isiyo ya kibinadamu, anavivunja vioo na kumpiga Haku hadi kinyago kinamtoka. Hapo anamtambua: ni yule kijana waliyekutana naye msituni akichuma dawa, aliyemwambia kwamba mtu hupata nguvu za kweli anapokuwa na mtu wa thamani wa kumlinda.

Mpiganaji wa kawaida wa hadithi za namna hii angeshangilia. Naruto anasita, kwa kuwa Haku anamwomba amuue. Sababu anayotoa ni nzito kuliko pigo lolote: yeye ni chombo cha Zabuza, na chombo kilichovunjika hakina kazi. Muda mfupi baadaye anajitupa mbele ya pigo la umeme la Kakashi ili kumkinga bwana wake, na kufa akiwa amesimama. Kisha Gato anawasili na kundi la majambazi, anatangaza kwamba hakukusudia kamwe kumlipa Zabuza, na anaudharau mwili wa Haku kwa teke. Naruto analia na kumshutumu Zabuza kwa kutomlilia aliyemfia. Zabuza, ambaye mikono yake yote miwili imelemaa, anabana kisu kwa meno, anapasua njia katikati ya wale majambazi na kumuua tajiri aliyemkodi. Anaomba alazwe kando ya Haku, na theluji inaanguka.

Msomaji aliyelelewa katika tendi za Kiswahili hatakuwa mgeni mahali hapa. Tangu *Utendi wa Tambuka* wa mwaka 1728, mashujaa wa tendi za vita hujitokeza mbele ya safu, hujitaja kwa majina na nasaba, hutishana kwa maneno kabla ya panga kunena. Majigambo si pambo tu; humpa msikilizaji nafasi ya kujua ni nani anayekufa na kwa nini kifo chake kina uzito. Katuni ya Kijapani inatumia kanuni iyo hiyo. Mapigo husimama katikati ili mpiganaji aeleze asili ya mbinu yake, ukoo wake, na jeraha la utoto wake. Mtazamaji asiyezoea hulalamika kwamba wanaongea mno. Mwenye sikio la utendi hushangaa kwamba mtu anaweza kudai vita visivyo na maneno.

Tofauti iko kwenye idadi. Shujaa wa utendi, kwa kawaida, hubeba ushujaa peke yake hata anapoongoza jeshi. Pigano la darajani linaugawa ushujaa mafungu. Sakura hapigi pigo la maana hata moja. Kazi yake ni kusimama mbele ya mzee Tazuna na kutoondoka, na baadaye kumlilia Sasuke, ambaye kwa hakika Haku hakumuua bali alimlaza katika usingizi unaofanana na mauti. Kakashi anashinda, lakini ushindi wake unamwua mtu ambaye hakumkusudia. Naruto anavunja vioo, lakini silaha yake ya mwisho ni maneno. Hakuna mmoja kati yao anayeweza kudai kwamba pigano ni lake.

Sindano ndiyo inayomrudisha mhakiki nyumbani moja kwa moja. Katika *Utendi wa Fumo Liyongo* uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, jabali wa Pate hawezi kuuawa kwa mshale wala upanga. Udhaifu wake mmoja ni sindano ya shaba kitovuni. Anayeichoma ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa na mfalme mke na cheo. Mfalme hakumchukia kijana huyo wala kumpenda. Alimtumia. Kazi ilipokwisha, ahadi ikakatwa na kijana akafa katika majuto. Baba naye alikufa kwa magoti karibu na kisima, upinde mkononi, kwa namna ambayo watu wa mji walihofia kuteka maji wakidhani yu hai.

Haku na mwana wa Liyongo wanashika silaha moja na wote wawili ni vyombo vya wakubwa. Ila sindano zao zinaelekea pande mbili tofauti. Mwana wa Liyongo ana baba wa kweli na anamsaliti kwa ajili ya bwana wa uongo. Haku alimpoteza mama yake kwa mkono wa baba yake, akaokotwa barabarani na muuaji, na akamfanya muuaji huyo kuwa baba kwa utiifu wa kupindukia. Wa kwanza anachoma ili kuua. Wa pili anachoma huku akiepuka kuua kadiri awezavyo. Utendi unauliza nini kinamfanya mtoto auze damu yake. Katuni inauliza nini kinamfanya mtoto ajitoe damu kwa mtu anayemwita chombo. Maswali hayo mawili ni pande mbili za sarafu moja, na mtu aliyekwisha kulisikia la kwanza huweza kulisikia la pili kwa kina ambacho pengine Kishimoto mwenyewe hakukitarajia.

Hapa ndipo jina la soko linapoanza kunena. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokusanya vikosi vya King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland pamoja na askari wa Rhodesia ya Kaskazini, iliingia Burma katikati ya mwaka 1944 baada ya mazoezi kisiwani Ceylon. Iliwafuatia Wajapani katika Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, mahali ambapo malaria na matope vilikuwa maadui sawa na risasi. Tarehe 2 Desemba 1944 mji wa Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, ulitwaliwa, na siku chache baadaye wahandisi wa jeshi wakatandika hapo daraja la kuelea lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100. Wengine hawakufika hata huko. Meli ya *Khedive Ismail*, iliyong'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944. Zaidi ya watu 1,200 waliangamia, wengi wao wakiwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Askari hao waliamrishwa kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha kambini kilichoitwa KiKAR, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wa makabila yasiyosikilizana. Kwa maana hiyo walikuwa vikosi halisi, wenye kubebana na kuzikana. Lakini kwa aliyewatuma, walikuwa nini? Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa koplo huko Burma. Katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 1967 anasimulia mazungumzo na askari wa Kiingereza yaliyomfanya ajiulize yeye anapigania nini, ilhali yule mwingine alikuwa na nchi yake ya kufia. Swali la Itote ni swali la darajani kabla daraja la katuni halijachorwa. Chombo kilikuwa kimeanza kujitambua.

Vita vilipokwisha, jibu lilitolewa kwa vitendo. Askari wa Kizungu walifunguliwa mipango ya kupewa mashamba nchini Kenya. Mwafrika alirudi kwenye kipande, kwenye ubaguzi wa mijini, na kwenye vyumba vya upande wa mashariki ambavyo mkoloni alikuwa akiviongeza katika miaka ya 1940, Kaloleni ikiwa miongoni mwake. Gato anapotangaza kwamba hakukusudia kulipa, mtazamaji wa Tokyo huona ubahili wa tajiri mmoja. Aliyeketi Burma, akiwa anajua jina la mahali alipoketi, huweza kuona jambo pana zaidi: desturi ya wakubwa ya kuhesabu malipo baada ya kazi kwisha na mfanya kazi kulemaa.

Haifai, hata hivyo, kuibebesha katuni sifa isizostahili. Pigano hili lina udhaifu wake, na udhaifu huo ni wa kimaadili. Machozi ya Zabuza yanamsafisha upesi mno. Mtu ambaye alipokuwa mtoto aliwaua wanafunzi wengi, na aliyemlea yatima kwa ajili ya kumtumia, anasamehewa na hadithi kwa sababu mwishoni alilia. Pia uovu wote unarundikwa juu ya Gato, na Gato akifa mambo yanaonekana kutengenea. Lakini kijiji kilichowatuma Naruto na wenzake nacho huwakodisha watoto kwa fedha, na Kakashi mwenyewe anawafundisha kwamba ninja anatazamiwa kuwa chombo. Naruto anaapa kuishi uninja wake kwa njia yake mwenyewe. Kiapo hicho kinagusa moyo, ila mfumo hauguswi. Itote, kwa kulinganisha, hakuishia kwenye kiapo. Swali lake la Burma lilimfikisha kwenye msitu wa Mlima Kenya, na mwaka 1954 kwenye hukumu ya kifo ambayo hatimaye haikutekelezwa.

Lipo tukio moja darajani ambalo huwapita wengi kwa kuwa linakuja baada ya mapigo makubwa. Majambazi wa Gato wanapojiandaa kulipiza kisasi, mshale unachoma sakafu ya daraja mbele yao. Ni Inari, mjukuu wa Tazuna, na nyuma yake wamesimama watu wa kijiji wakiwa na zana za nyumbani na za kazi. Mtoto huyo alikuwa ameacha kuamini kwamba mashujaa wako, tangu Gato alipomuua hadharani Kaiza, mvuvi aliyemlea kama baba. Hakuna ninja katika umati huo. Ni wavuvi, mafundi na wachuuzi, watu wa soko. Kwa usomaji wa kutoka Burma, kilele cha pigano kiko hapo, wala hakiko kwenye vioo wala kwenye umeme: wale waliokuwa wakilindwa wanakuwa kikosi. Ninja wanne wa kukodiwa waliweza kumlinda fundi mmoja. Nchi ililindwa na wenyewe.

Mwishoni daraja linahitaji jina. Tazuna analiita Daraja Kuu la Naruto, kwa heshima ya mtoto aliyeugeuza moyo wa Inari. Japani halisi nayo ina daraja kubwa katika mlango wa bahari wa Naruto, lililofunguliwa mwaka 1985, hivyo msomaji wa huko hutabasamu kwa mchezo wa maneno. Lakini jina hilo linaacha swali. Kwa nini si daraja la Kaiza, aliyekufa kabla ya mtu yeyote kuja kusaidia? Au la Haku, aliyelala juu yake? Kumbukumbu za umma hupenda kumtaja aliyeshinda na kuondoka akiwa hai.

Soko la Burma lina namna nyingine ya kukumbuka. Halina jina la jenerali, wala la koplo, wala la mpiga mizinga aliyezama. Lina jina la mahali tu, kama mtu anayeulizwa alikuwa wapi miaka yote hiyo na kujibu kwa neno moja. Shaaban Robert aliitungia vita hiyo *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, uliochapwa mwaka 1967, akaitazama kwa upana wa dunia nzima. Utenzi wa yule askari mmoja aliyerudi na kukaa katika mitaa ya mashariki ungali haujatungwa kwa kiasi kinachomstahili. Mwalimu wa fasihi anayefundisha karibu na Barabara ya Jogoo ana nyenzo zote mkononi. Anaweza kuwawekea wanafunzi wake sindano ya Liyongo kando ya sindano za Haku, na swali la Itote kando ya chozi la Zabuza, kisha akawatuma nyumbani wakaulize katika kila ukoo ni nani aliyekwenda Burma, alirudi na nini, na ni nani aliyeshindwa kurudi. Katuni haiwezi kuwajibu swali hilo. Lakini mtoto aliyemlilia Haku tayari anajua kwa nini linafaa kuulizwa, na wazee wanaoweza kulijibu wanazidi kupungua.